Mpira wa Baisa Mia

Miezi miwili mfereji wa msalani kwa mama
unatuhesabia usiku: ndo.
Ukinyamaza, sote tunangoja. Ndo.
Mama ameutegea ndoo ya rangi
iliyobaki tulipopaka ukuta wa uani,
na kila alfajiri anaibeba mwenyewe, hataki kusaidiwa,
hadi kwenye mrehani ulio chini ya dirisha.
“Chururu si ndo ndo ndo,” ananambia,
“lakini ankara haijui methali.”

Fundi wetu Shafikuli yuko likizo kwao Silheti.
Nampigia Ijumaa, baada ya kula. Jogoo anawika nyuma yake,
na mvua, mvua ya kweli, ya kumwaga,
inapiga bati hata simsikii vizuri.
“Arbab, funga maji kwanza,” anasema
kwa kile Kiarabu chake cha kazini
ambacho nami hukijibu kwa kukivunjavunja changu.
“Juu, tangini. Halafu fungua kichwa.”
Kichwa cha nani, nataka kumuuliza.

Dukani nimeomba washa
nikajiona mjinga kulitamka neno:
kwetu ni taa, ni moto, ni upupu.
Muuzaji wa Kerala hana habari na upupu wangu.
Amekisukuma juu ya meza kiduara cheusi,
kidogo kuliko kifungo cha dishdasha. Baisa mia.
“Kimoja?”
“Vitatu,” nimesema. Najijua.

Julai, Mabela, saa kumi alasiri, darini:
mpini wa vali umenichoma kiganja kama kikaango.
Wakati wa joto huku mambo hupinduka.
Mfereji wa buluu hutoa maji ya chai,
na mwekundu, hita ikiwa imezimwa tangu Mei,
ndio wenye ubaridi.
Kila mgeni huungua mara moja, kisha hujua.
Mimi si mgeni, na bado nimeanza na wa buluu,
nimeuchambua wote, nimeupanga juu ya taulo,
ndipo nikakumbuka kwamba tone lilikuwa la baridi.
Ningetia kidole tu.

Mikono hii ina miaka ishirini na saba ya mihuri.
Spana ni ya marehemu baba, ina kutu kinywani,
nayo imeteleza mara mbili, imenichuna dole gumba,
na mara ya tatu, baada ya neno
ambalo mama amejifanya hakulisikia,
kichwa kimelegea.

Mle ndani, kumbe, ni kampira kale kale,
kameliwa upande mmoja
kama biskuti iliyoachwa na mtoto.
Nimekaweka juu ya ukucha. Hiki ndicho?
Hiki ndicho kilichotukesha,
kilichomfanya mke wangu ahamie sebuleni,
mimi nikagombana na kampuni ya maji kwa simu?

Nimerudisha kila kitu. Karibu kila kitu.
Kimebaki kipete chembamba cha shaba.
Nimempelekea Shafikuli picha.
Amejibu kwa sauti, anacheka, mvua yao imekatika:
“Mafi mushkila. Kila fundi hubakiwa na kitu.”
Kila fundi.
Nimeisikiliza mara tatu.

Baada ya Isha mama anaingia kutawadha.
Namsikia akiufunga kwa mikono miwili,
kwa nguvu alizojizoesha miezi hii,
na mwili wangu wote unakazika pamoja naye.
“Kidole kimoja tu, mama! Taratibu!”
“Kidole gani?”
“Chochote.”

Kimya. Yeye ndani, mimi nje ya mlango,
tumetega masikio kama wanaongoja hodi.
“Mbona hausemi kitu?”
“Umepona.”
Anafikiri. Ndoo inakwaruza sakafu, tupu.
“Na mrehani wangu?”
“Nitaumwagilia mie, kwa mpira.”
“Mpira upi, huo wa baisa mia?”